Wazee wanapoongezeka, vifo navyo vinabadilika



Mara nyingi katika ukurasa huu tumezungumza juu ya baruti, ngazi na mawe yanayoanguka shimoni. Leo tuache shimo kidogo. Tuongee juu ya kifo kinachompata mtu mzima nyumbani kwake, usiku, bila jeraha lolote. Ni somo gumu, lakini linatuhusu sote. Wengi wetu tumetoka kando ya ziwa: Uvira, Kalundu, Makobola, Mboko, Baraka. Huko ndiko wazazi wetu wanakozeekea, na ndiko sisi tutakakorudi siku ya pansio.

Msiba mmoja kando ya ziwa

Nianze na jambo nililoliona mwenyewe. Mzee mmoja, aliyetoboa mwamba kwa mashine miaka mingi, alikuwa amepumzika kazi. Umri wake miaka 61. Asubuhi moja alitoka kunawa uso, akaanguka. Mdomo ulipinda, mkono wa kushoto ukalegea, maneno yakawa hayaeleweki. Jamaa wakasema, «Ni sumu.» Wakamnywesha dawa ya majani ili atapike. Kesho yake jioni akafariki.

Usiku uliotangulia, jirani yake, mama mjane mwenye umri mkubwa, alikuwa amemletea sahani ya sombe. Basi, maneno yakaanza kuzunguka katika kilio. Wengine wakasema ni karuho. Vijana wakaulizana nyumba ya yule mama iko wapi. Kabla jua halijachomoza, mama huyo alikuwa ameshika njia ya Makobola kwa mguu, na kitambaa kimoja tu mgongoni.

Mimi nilikuwapo pale. Katika daftari langu la dispanseri nilikuwa na jina la marehemu. Mara tatu nilimpima tansio, na mara zote tatu ilipita 18 juu ya 11. Nilimpa vidonge, akameza miezi miwili, kisha akaacha kwa sababu alijisikia mzima. Nilijua kilichomuua. Lakini usiku wa kwanza nilinyamaza kwa woga. Siku ya tatu ndipo nilipomwendea mjane wake, nikamwomba ruhusa, nikasema mbele ya watu wote yale yaliyoandikwa katika daftari.

Ndiyo sababu ninaandika somo hili. Vifo vimebadilika kwetu, na sisi bado tunavitazama kwa macho ya zamani.

Zamani nani alikufa?

Wakati Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, wastani wa maisha ya mtu nchini ulikuwa miaka 40 na kidogo. Leo ni karibu miaka 60. Je, ina maana kwamba zamani hakukuwa na wazee? Hapana. Wazee walikuwapo, na baadhi yao walifika miaka 80. Hesabu yenyewe iko hivi: mtoto mmoja akifa siku ya kuzaliwa, na mwingine akiishi miaka 80, wastani wa hao wawili ni miaka 40, ingawa hakuna hata mmoja aliyekufa akiwa na 40. Kilichoshusha wastani ni makaburi madogo.

Surua, malaria, kuhara, kichomi, pepopunda ya watoto wachanga: hayo ndiyo yaliyochukua watu, na hasa watoto. Waulizeni mama zenu walizaa wangapi, na wangapi walikua. Wengi watawaambia, «Nilizaa tisa, nikabaki na watano.»

Hali hiyo haijaisha, lakini imepungua. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa, 148 walifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Uchunguzi wa 2013 na 2014 ulikuta 104. Chanjo, vyandarua vyenye dawa, maji ya sukari na chumvi kwa mwenye kuhara: vitu hivi vidogo vimefanya kazi kubwa.

Sasa fikirini. Mtoto aliyeokoka surua hakuahidiwa kuishi milele. Atakua, ataoa, atafanya kazi, na siku moja atakufa kwa sababu nyingine. Tukifunga mlango mmoja, kifo kinatafuta mlango wa pili, ila kinachelewa kufika. Mwaka 1971 mtaalamu mmoja mzaliwa wa Misri, Abdel Omran, alieleza safari hii. Alisema kwanza watu hufa kwa tauni na njaa. Kisha magonjwa ya kuambukiza hupungua. Mwishowe watu hufa zaidi kwa magonjwa ya moyo, ya mishipa ya damu na kansa, yaani magonjwa yanayokwenda polepole pamoja na umri.

Fumbo la kambi mbili

Hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Kwa kila watu 1,000, kila mwaka katika Kongo wanakufa watu kama 9 au 10. Katika Japani, nchi tajiri yenye hospitali kila mahali, ambako watu huishi wastani wa miaka 84, wanakufa kama 12 au 13. Je, Japani ni mahali pabaya zaidi kwa afya? Tusikimbilie kujibu. Tupige hesabu pamoja. Hesabu hii nimeitunga kwa ajili ya somo tu.

Tuseme kuna kambi mbili za wafanyakazi, kila moja ina watu 1,000.

Kambi ya kwanza, tuiite Kambi ya Vijana, ina watoto 500, watu wazima 450 na wazee 50. Kwa mwaka mmoja wanakufa watoto 5, watu wazima 3 na wazee 3. Jumla ni vifo 11.

Kambi ya pili, tuiite Kambi ya Wazee, ina watoto 150, watu wazima 550 na wazee 300. Hakuna mtoto aliyekufa. Watu wazima wamekufa 2, na wazee 12. Jumla ni vifo 14.

Anayetazama jumla peke yake atasema Kambi ya Wazee ina hali mbaya. Lakini tazameni kila umri peke yake. Watoto: katika Kambi ya Vijana anakufa 1 kwa 100, katika ile nyingine hakuna. Watu wazima: 1 kwa 150, na huku 1 kwa 275. Wazee: 6 kwa 100, na huku 4 kwa 100. Kwa kila umri, ni heri kuishi katika Kambi ya Wazee! Vifo vyake ni vingi kwa sababu moja tu: ina wazee wengi, na mzee yuko karibu na kifo kuliko kijana, hata akitunzwa namna gani.

Tuendelee kidogo. Kama wale watu wa Kambi ya Wazee wangetunzwa vibaya kama katika Kambi ya Vijana, wangekufa kama 23 kwa mwaka badala ya 14. Ndiyo maana wataalamu hawalinganishi nchi mbili kwa jumla ya vifo tu. Kwanza huuliza: watu wake wana umri gani?

Basi fumbo la Japani limefumbuka. Huko, karibu watu 29 kwa kila 100 wamepita miaka 65. Kongo ni kama 3 tu kwa 100, na karibu nusu ya wananchi wote hawajafika miaka 15. Mwaka 2022 Japani ilizika watu zaidi ya milioni 1 na nusu, na watoto waliozaliwa hawakufika 800,000. Kinachowaua zaidi ni kansa, kisha moyo, na kuna wengi ambao daktari huandika kwamba wamekufa kwa uzee wenyewe.

Tena mjue hili: nchi huzeeka hasa kwa sababu wanawake huzaa watoto wachache, si kwa sababu ya wazee kuishi sana tu. Ufaransa ilichukua zaidi ya miaka 100 ili sehemu ya wazee itoke 7 kwa 100 hadi 14 kwa 100. Japani ilichukua kama miaka 25. Kwetu mama bado anazaa watoto kama 6, kwa hiyo sehemu ya wazee ni ndogo. Lakini msidanganywe na sehemu. Kongo ina watu wanaokaribia au kupita milioni 100. Watu 3 kwa kila 100 ni wazee kama milioni 3. Ni wengi kuliko wakati wowote uliopita.

Na sisi wa kando ya ziwa?

Mtu atasema, «Muganga, mambo ya Japani hayatuhusu. Sisi bado tunakufa kwa kipindupindu.» Ana haki nusu.

Ni kweli, kipindupindu kilifika mashariki ya Kongo mwishoni mwa miaka ya 1970, na Uvira haijaachana nacho tangu hapo. Bomba likikauka, watu huteka maji ziwani au mtoni, na baada ya siku chache wagonjwa hujaa. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabomoa nyumba na kuharibu mabomba ya maji. Mwaka huohuo chanjo ya kipindupindu ya kunywa ilitolewa mjini.

Ni kweli pia kwamba vita ilirudisha kifo cha zamani. Wachunguzi waliopita katika Kongo walitoa hesabu ya vifo milioni 5 na zaidi kupita ile ya kawaida, kati ya 1998 na 2007. Wataalamu wengine waliipinga hesabu hiyo. Lakini uchunguzi huo ulionyesha kwamba wengi hawakuuawa kwa risasi. Walikufa kwa malaria, kuhara, kichomi na utapiamlo, na karibu nusu yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Lakini nusu ya pili ni hii: magonjwa mapya hayakungoja ya zamani yaondoke. Yamekuja, yakakaa pembeni yake. Katika nyumba moja mtoto anahara, na babu yake amepooza. Mama mmoja anabeba mizigo miwili.

Wala tusiseme kwamba tansio ni ugonjwa wa wazungu au wa matajiri. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania waliandika vifo nyumba kwa nyumba katika Dar es Salaam, wilaya ya Hai na vijiji vya Morogoro. Waliwatazama wanaume wa miaka 15 hadi 64, yaani watu wa umri wa kazi. Walikuta kwamba kiharusi, ule ugonjwa wa mshipa wa damu wa kichwani, kinawaua mara 3 hadi mara 6 kuliko wanaume wa umri huohuo katika Uingereza. Kwa nini? Sababu kubwa ni kwamba Mwingereza hupimwa tansio na kupewa vidonge. Wetu hajui kama anayo.

Mlango mwingine wa kifo unatuhusu sisi wa mgodi zaidi. Vumbi la mwamba likiingia kifuani, mara nyingi halisemi neno kwa miaka 10 au 20. Zamani wengine walikufa kwa mambo mengine kabla vumbi halijasema. Sasa tunaishi, na vumbi linapata muda wake. Mtu anastaafu akiwa na nguvu, kisha anaanza kukohoa na kuhema akipanda kilima. Kifua chenye vumbi kinakaribisha pia kifua kikuu. Kumbe vumbi unalolivuta leo ukiwa na miaka 25 ni deni utakalolipa ukiwa na 55.

Kifo kipya, na hukumu ya zamani

Mtoto akifa kwa malaria, kila mtu anaijua homa aliyokuwa nayo. Lakini mtu mzima aliyelala mzima na kuanguka asubuhi, anatushangaza. Tansio haina uchungu, haina homa, haina kidonda. Kwa kuwa hatukuona ugonjwa, tunatafuta mtu. Na mara nyingi tunayempata ni mama mzee, mjane, asiye na wa kumtetea.

Mwaka 2021, katika jimbo letu hili la Kivu ya Kusini, wamama wazee kadhaa waliuawa, wengine kwa kuchomwa moto, kwa kuwa watu walisema ni wachawi. Ndugu zangu, fikirini: wamama hao waliokoka njaa, waliokoka vita, waliokoka kipindupindu, walizaa na kuzika. Wakafika uzeeni, jambo ambalo ni neema. Kisha wakauawa na watoto wao.

Sisemi kwamba hakuna mtu duniani anayeweza kutia sumu katika chakula. Ninasema hivi: kabla ya kutaja jina la jirani, uliza kwanza tansio ya marehemu ilikuwa ngapi.

Basi tufanye nini?

1. Aliyefika miaka 40 apimwe tansio angalau mara 1 kwa mwaka, hata kama hasikii kitu. Mwenye baba au mama aliyepooza aanze mapema zaidi. Duniani watu wazima zaidi ya bilioni 1 wana tansio ya juu, na karibu nusu yao hawajui. Ikirudia kufika 14 juu ya 9, rudi kwa muganga.

2. Ukipewa vidonge, usiviache kwa sababu umejisikia mzima. Umejisikia mzima kwa sababu unavimeza. Vikikwisha, njoo uombe vingine kabla ya siku ya mwisho. Kidonge cha jirani si chako.

3. Punguza chumvi. Mtu mzima anatosheka na chini ya kijiko 1 cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo ndani ya chakula. Makayabo yalowekwe, maji yamwagwe, na yalowekwe tena. Ndagala zilizokaushwa juani bila chumvi ni bora kuliko zilizotiwa chumvi. Tumbako iachwe kabisa, na pombe ipunguzwe.

4. Shimoni, mwaga maji kabla ya kutoboa na kabla ya kupakia mawe. Funika pua na mdomo kwa kifuniko ulichopewa. Usikiweke mfukoni kwa kuwa kapita hayupo. Mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki 2 aje apimwe makohozi.

5. Tusiache vita ya zamani. Watoto wamalize chanjo zote, walale ndani ya chandarua. Maji ya ziwa na ya mto yachemshwe au yatiwe dawa. Hakuna atakayezeeka asipopita kwanza utoto.

6. Mzee wa nyumbani aletwe dispanseri. Akinywa maji kupita kiasi na kukojoa mara nyingi usiku, huenda ni sukari. Akivimba miguu na kukosa pumzi akilala, huenda ni moyo. Msiseme tu, «Ni uzee.» Uzee si ugonjwa, ila magonjwa hujificha nyuma yake.

7. Mtu akipinda mdomo ghafula, mkono ukilegea au ulimi ukishindwa kusema, msimnyweshe kitu chochote. Hawezi kumeza vizuri. Dawa ya kutapisha inaweza kuingia katika mapafu yake na kumuua. Mlazeni kwa ubavu, tazameni saa, mpelekeni hospitali upesi. Kila dakika ina bei.

8. Mtu akifariki, semeni umri wake na ugonjwa wake kwa muganga na kwa ofisi ya serikali inayoandika vizazi na vifo. Kongo ilihesabu wananchi wake wote mwaka 1984, na hesabu ya namna hiyo haijarudiwa tangu hapo. Kifo kisichoandikwa hakimfundishi mtu. Kikiandikwa, kinaweza kuleta dawa kwa wanaobaki.

Neno la mwisho

Kuwa na wazee wengi si balaa. Ni ushindi wa akina mama waliopeleka watoto kupata chanjo, na wa kila aliyechimba kisima kizuri. Lakini ushindi huo una kazi yake. Zamani mgonjwa alipona au alikufa kwa siku chache. Sasa mtu anaweza kuugua miaka 10, na anataka vidonge, uvumilivu, na mtoto wa kumshika mkono hadi chooni. Familia ijitayarishe kwa hayo, kama inavyojitayarisha kwa ada ya shule.

Mnaniuliza habari za yule mama wa Makobola? Alirudi nyumbani kwake baada ya wiki 3. Watoto wa marehemu walimwendea, wakamwomba msamaha. Aliwasamehe. Lakini hadi leo hapeleki tena sahani kwa jirani yeyote.

Siku ya malipo ijayo, mnapopita mbele ya dispanseri, ingieni. Kupimwa tansio hakupiti dakika 5, na hakuna sindano. Njooni na wazazi wenu, na jirani yenu mjane aliye peke yake naye mleteni.